KWA NINI BIMA HUPANDA WAKATI GARI LAZEEKA?



Kila mara ifikapo karatasi ya kuanza bima upya, ofisi yetu huletewa swali lile lile. Huletwa na madereva wenye teksi zao, na wenye pikapu za kubeba mboga, na hata makarani walionunua motokaa ndogo kwa mkopo wa Sacco. Husema hivi: "Mwaka uliopita sikugonga mtu wala sikugongwa. Sikudai hata senti moja. Gari limezeeka na bei yake imeshuka. Basi mbona kampani ya bima yataka fedha zaidi?"

Swali hili ni la haki, nalo lastahili jibu la haki. Wako wajibuo upesi kwamba kampani zote ni wezi, wakaishia hapo. Jibu hilo hufurahisha baraza, lakini halimpunguzii mtu hata shilingi. Wako wengine, hasa wakubwa wa kampani, wasemao kwamba "hali ya soko" ndivyo ilivyo, nao wakaishia hapo. Sisi twasema kwamba kupanda kwa bima kuna sababu ziwezazo kuhesabiwa. Katika hizo, ziko za haki na ziko zisizo za haki. Kazi ya mwanachama ni kuzitenga, kama mchele utengwavyo na chuya, ili ajue la kulipa na la kukataa.

BIMA NI MCHANGO

Kwanza tufahamu jambo moja. Fedha ulizolipa mwaka jana haziko katika sanduku lenye jina lako. Zilitiwa katika mfuko mmoja na fedha za maelfu ya wenzako, na mfuko huo ukamlipa aliyegongwa Mlolongo na aliyeibiwa gari Nakuru. Ni kama mchango wa mazishi katika tawi letu: mtu ambaye hakufiwa hadai kurudishiwa fedha zake mwisho wa mwaka, bali hushukuru Mungu. Basi mtu asemapo "sikudai kitu" asema kweli, lakini kampani haimtazami yeye peke yake. Yatazama mfuko. Mfuko ukitoa zaidi ya ulivyopokea, wachangaji wote wataongezewa, mwenye kosa na asiye na kosa.

Pili, bima ya gari ina sehemu mbili, na wengi wetu huzichanganya. Sehemu ya kwanza ni ya lazima. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, ambayo asili yake ni siku za ukoloni, yakataza gari lolote kutembea barabarani bila bima ya kumlipa mtu mwingine aumizwaye au auawaye na gari hilo. Hiyo ndiyo tuiitayo thadi pati. Sehemu ya pili ni ya hiari, nayo hulinda gari lenyewe likigongwa, likiungua au likiibiwa. Mwenye kuchukua zote mbili asemwa kuwa na bima kubwa, yaani komprehensivu. Lakini ikiwa gari lilinunuliwa kwa mkopo, hiari hiyo hugeuka kuwa amri, maana benki au Sacco haitoi fedha bila bima kubwa.

Sasa tazameni. Katika sehemu ya kwanza, umri wa gari si kitu. Probox ya miaka kumi na mitano ikimgonga mpita njia humvunja mguu sawasawa na gari lililotoka bandarini jana. Hospitali haiulizi gari lilikuwa la mwaka gani, wala wakili haulizi, wala hakimu haulizi. Katika mwaka wa 2023 walikufa watu zaidi ya 4,000 katika barabara za Kenya, na katika 2024 vivyo hivyo, na walioumia ni wengi kuliko waliokufa. Hayo yote huingia katika hesabu ya mfuko.

Hata katika sehemu ya pili, uzee wa gari husaidia kidogo tu. Thamani ya gari huwa na maana kubwa gari likipotea lote, yaani likiibiwa au likivunjika lisitengenezeke. Lakini hasara nyingi si za namna hiyo. Ni taa, bampa, mlango, kioo na rangi. Taa ya gari la zamani haiuzwi rahisi kwa kuwa gari ni la zamani. Fundi wa bodi naye hapunguzi ujira wake kwa sababu hiyo.

SABABU ZILIZO ZA HAKI

Spea zetu karibu zote hutoka ng'ambo, nazo hununuliwa kwa dola. Katika Januari 2024 dola moja ilifikia karibu Sh. 160/-. Kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa imerudi karibu Sh. 130/-. Lakini kila mwanachama anunuaye spea Kirinyaga Road ajua kwamba bei hupanda kwa lifti na kushuka kwa ngazi. Juu ya bei hiyo kuna ushuru wa forodha, na juu yake kodi ya VAT ya 16 kwa mia. Kampani ya bima hununua spea katika soko hilo hilo tununualo sisi.

Tena mwaka huo wa 2024 ulikuwa wa mikosi. Kuanzia Machi hadi Mei mafuriko yalizamisha magari Nairobi na mahali pengine, na gari lililoingiwa na maji mpaka kwenye nyaya mara nyingi halifai tena. Mwezi wa Juni zilikuja ghasia, na Juni 2025 zikaja tena, na magari yakachomwa. Tujue hapa kwamba bima kubwa kwa kawaida hailipi hasara ya ghasia za siasa ila mwenye gari ameongeza fedha kwa ajili hiyo. Wengi hawakuambiwa, wakajua baada ya moto.

Sababu nyingine ni madai ya uongo, nayo yatuhusu kwa karibu. Hadithi hii twaijua sote: matatu ya abiria 14 yaanguka, na kortini wafika majeruhi 20. Wako watu wazungukao hospitali na vituo vya polisi kutafuta majina. Wako mafundi waandikao mlango mpya mahali palipotiwa rangi tu. Wako na madereva wachache wanaotia sahihi karatasi za ajali wasiyoiona, kwa ahadi ya elfu chache. Mtu huyo asidhani amekula fedha za tajiri. Amekula mchango wa dereva mwenzake, ambaye mwaka ujao ataongezewa bila kujua ni nani aliyemwibia.

Haya yote twayakubali. Mwanachama akionyeshwa kwamba bima yake imepanda kwa sababu hizo, na akionyeshwa kiasi, alipe bila kinyongo.

SABABU ZISIZO ZA HAKI

Sasa tugeukie upande wa pili, ambao wakubwa wa kampani hawapendi kuutaja.

La kwanza ni vita vya bei baina yao wenyewe. Kampani mpya, au kampani yenye njaa ya fedha, hushusha bei ili kuwanyang'anya wengine wateja. Hushusha chini ya kiasi kiwezacho kulipa madai. Miaka miwili mitatu baadaye madai hufika, maana kesi za barabarani huchukua miaka, na mfuko huonekana mtupu. Hapo ama kampani hufa, ama huwapandishia ghafula wateja waliobaki. Basi nyongeza ya mwaka huu mara nyingine ni deni la ujinga wa bei ya miaka iliyopita, nalo hulipwa na asiyeshiriki kuupanga.

La pili, kampani hulia kwamba magari huwapa hasara. Katika hesabu ya bima yenyewe kilio hicho ni cha kweli, na ripoti za IRA, yaani Mamlaka ya Kusimamia Bima, zimekionyesha mwaka baada ya mwaka. Lakini hesabu hiyo si yote. Sisi hulipa mwanzo wa mwaka, na kampani hulipa madai baadaye, pengine baada ya miaka mitatu. Katikati hapo fedha zetu hazilali. Hukopeshwa Serikali kwa hati za Hazina na kuwekwa benki, nazo huzaa riba. Hali kadhalika, katika kila shilingi tulipayo, kipande kikubwa huenda katika ofisi, mishahara ya wakubwa na ujira wa mawakala kabla ya fundi au majeruhi kuonja. Kampani ikitaka tuchukue sehemu ya hasara yake, na itufungulie daftari lote, si ukurasa mmoja.

La tatu ni adhabu ya kunyamaza. Mteja mpya hubembelezwa kwa bei ya chini. Mteja wa miaka mitano, asiyeuliza, huongezwa kidogo kidogo kila mwaka, kwa kuwa kampani yaamini hataondoka. Huko Uingereza, ambako sheria yetu ya bima ya gari ilitoka, wasimamizi wa biashara ya fedha waliona jambo hili wakalikataza. Tangu tarehe 1 Aprili 2017 karatasi ya kuanza bima upya huko lazima ionyeshe malipo ya mwaka uliopita. Na tangu tarehe 1 Januari 2022, kampani haiwezi kumtoza mteja wa zamani wa bima ya gari zaidi ya ambavyo ingemtoza kama angekuja leo akiwa mgeni. Ikiwa jambo hilo lawezekana huko, na kampani hazikufa, sisi hatuoni kwa nini lisiwezekane hapa.

HESABU YA KUJIFUNZIA

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme mwaka wa kwanza gari lako lilikadiriwa Sh. 1,000,000/-, na kiwango kilikuwa 4 kwa mia. Ulilipa Sh. 40,000/-. Mwaka wa pili gari lakadiriwa Sh. 850,000/-, na kiwango chawa 5.5 kwa mia. Utalipa Sh. 46,750/-. Gari limeshuka Sh. 150,000/-, malipo yamepanda Sh. 6,750/-. Kilichopanda si thamani, ni kiwango. Basi usiulize tu "jumla ni ngapi?" Uliza, "Kiwango cha mwaka jana kilikuwa ngapi kwa mia, cha mwaka huu ni ngapi, na kwa nini?"

Na kama karani wa kampani aliiacha thamani ile ile ya zamani, Sh. 1,000,000/-, utatozwa Sh. 55,000/-. Hizo Sh. 8,250/- za juu umezitupa, kwa maana gari likiibiwa kampani haitakulipa milioni. Italipa bei ya gari hilo sokoni siku ile.

Wengine hukimbilia kosa lililo kinyume. Gari la Sh. 800,000/- huliandikisha kuwa la Sh. 400,000/- ili walipe nusu. Siku ya kugongwa, hasara ikiwa Sh. 100,000/-, kampani husema: "Wewe ulikata bima ya nusu gari, nasi twalipa nusu ya hasara." Hulipwa Sh. 50,000/-, na katika hizo hukatwa bado ile ekses, yaani kipande cha kwanza cha hasara ambacho mwenye gari hujilipia. Kwa hiyo thamani iandikwe ile ya kweli, ikadiriwe upya kila mwaka.

Juu ya malipo hayo kuna tozo za sheria: senti 20 katika kila Sh. 100/- kwa mafunzo ya bima, na senti 25 katika kila Sh. 100/- kwa Mfuko wa Fidia wa wenye bima. Hizo ni ndogo. Mtu akikuambia kwamba tozo za Serikali ndizo zilizokupandishia bima kwa maelfu, mwambie aandike hesabu.

BEI RAHISI YAWEZA KUWA GHALI

Wanachama wengine, wakisoma haya, watasema: "Basi mimi nitakwenda kwa kampani iliyo rahisi kuliko zote." Hapo twawaomba wasimame kidogo. Rahisi si kosa, lakini rahisi kupita kiasi ni ishara.

Wenye matatu wa zamani hawajasahau mwaka wa 2005, kampani ya United Insurance, iliyokuwa na bima za magari mengi ya abiria, ilipowekwa chini ya msimamizi. Wala hawajasahau 2011, ilipofika zamu ya Blue Shield. Na hata kampani ya bima ya Serikali yenyewe, Kenya National Assurance, ilikuwa imefungwa 1996. Bandiko la bima lililokuwa kwenye kioo likawa karatasi tu.

Jambo kama hilo likitokea, ni nani aumiaye? Kwanza ni majeruhi, ambaye mara nyingi ni mfanya kazi kama sisi, aliyekuwa akienda kazini kwa miguu au kwa matatu. Hukaa miaka akingoja fidia, na mguu haungoji. Pili ni mwenye gari, maana hukumu ya korti huandikwa kwa jina lake. Kampani ikishindwa kulipa, dalali hatafuti kampani, hutafuta nyumba ya mwenye gari. Mfuko wa Fidia upo kusaidia kampani inapokufa, lakini kikomo kilichojulikana kwa miaka mingi ni Sh. 250,000/- kwa dai moja, na hukumu ya mtu aliyevunjika uti wa mgongo yaweza kupita hapo mara nyingi.

Kwa ajili hiyo twasema wazi: chama hiki hakitaki bima iwe rahisi kwa hila. Chataka bima yenye bei ya kweli, inayolipa siku ya ajali, na yenye sababu zilizoandikwa.

TUTAKAYO KWA KAMPANI NA KWA SERIKALI

1. Karatasi ya kuanza bima upya imfikie mwenye gari siku 30 kabla ya bima kwisha, si jioni ya siku ya mwisho kwa simu, wakati polisi wamekwisha panga vizuizi.

2. Karatasi hiyo ionyeshe kiwango na malipo ya mwaka jana kando ya yale ya mwaka huu, na sababu ya tofauti, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

3. Mteja wa zamani asitozwe zaidi ya mgeni mwenye gari na historia kama yake.

4. Dereva asiyedai kitu apewe punguzo lililoandikwa, na barua ya kulithibitisha, aweze kwenda nayo kwa kampani nyingine.

5. Mamlaka itangaze, kwa lugha rahisi, kila kampani hulipa madai mangapi na kwa muda gani. Mtu anunuaye unga hutazama mfuko kama umetoboka. Anunuaye bima naye apewe nafasi hiyo.

Wako watakaosema kwamba Serikali haisikii. Wakumbuke mwaka wa 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulitaka kila mwenye gari alipe kodi ya 2.5 kwa mia ya thamani ya gari, isipungue Sh. 5,000/- wala isizidi Sh. 100,000/-, na kampani za bima ndizo zingeikusanya siku ya kukata bima. Watu walisema, wakasema tena, na mwezi wa Juni kodi hiyo iliondolewa. Sauti ya wengi haikosi masikio.

TUTAKAYO KWA WANACHAMA

Nasi tuna wajibu. Ajali itangazwe kwa kampani upesi, kama mkataba usemavyo, hata ikiwa ndogo, maana kuchelewa ni sababu nyepesi ya kunyimwa. Mtu asitie sahihi ajali asiyoiona. Gari liandikwe kazi yake ya kweli: mwenye kuandikisha gari la nyumbani kisha akabeba abiria wa teksi hana bima, ana karatasi. Na wenzetu wa matatu, ambao wengi hukata bima ya mwezi mmoja mmoja, wajue kwamba kwao mambo haya huja mara kumi na mbili kwa mwaka. Kwa hiyo wao ndio wa kwanza kufaidika na hesabu iliyo wazi.

Tena tuache kwenda mmoja mmoja. Mwenye gari moja akibisha mlango wa kampani huambiwa bei na kuondoka. Madereva mia mbili wa tawi moja, wenye rekodi safi iliyoandikwa, wakienda pamoja kupitia broka mmoja mwenye leseni, kampani ndiyo itakayowafuata. Hivi ndivyo tulivyopata mishahara yetu: haikupanda kwa kila mtu kunong'ona na mwajiri wake.

Basi, ndugu, karatasi ya bima itakapofika mara hii, msilipe siku hiyo hiyo kwa hasira wala kwa woga. Ileteni tawini pamoja na ile ya mwaka jana. Katibu wa tawi ataandika viwango vyote viwili katika daftari moja, kampani kwa kampani. Tukiwa na karatasi mia, tutajua ni nani apandishaye kwa haki na ni nani apandishaye kwa kuwa tumenyamaza, na hapo tutakwenda kuzungumza nao tukiwa na hesabu mkononi.